Shomoro Wasio na Makovu

Chang'ombe
Jumapili, 11 Februari 2024

Bupe mwenzangu,

Naanza na kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na ukicheka, chekea huko huko Tukuyu nisisikie. Tangu uhamishiwe shule ya bweni, ninaoongea nao ni shomoro.

Sitanii. Shuleni naweza kumaliza wiki nzima nikiwa nimefungua mdomo kuitikia jina tu. Dawati letu nimebaki nalo peke yangu, upande wako linakaa begi. Nyumbani mama anatoka alfajiri kwenda kuuza supu na chapati kwenye geti la kiwanda, anarudi amechoka hadi sauti. Baba anashinda nyuma ya nyumba na karai lake. Talha ndiyo kwanza ana miaka minne, ukimwambia una huzuni anakujibu habari za magari. Kwa hiyo nikitoka shule napindua ndoo chini ya mlonge, nakaa, nawasimulia shomoro mambo ya siku. Nasimulia kwa Kiswahili, halafu yaleyale kwa Kiingereza, maana darasani Kiingereza kinanigandaga kooni. Wao hawacheki nikikosea.

Pale kwenye kona ya ukuta kuna majivu, wanapenda kuyaoga. Umewahi kumwona shomoro anavyooga vumbi? Analalia tumbo, anachimba kwa kifua, anajirushia mgongoni kwa mabawa, halafu anajikung'uta kama shangazi aliyemwagiwa unga. Akimaliza anadonoa punje mbili tatu humohumo. Bibi alikuwa akisema kuku hana meno, anameza changarawe zikamsagie chakula kwenye firigisi. Nadhani na hawa ni hivyohivyo.

Yupo mmoja nimempa jina la Mzee Kipara, hana manyoya utosini. Sasa ameota vinundu pembeni ya jicho, kama punje za mtama zilizogandiana. Jicho limebaki ufa. Na si yeye tu. Wewe si una yule mwalimu wa Baiolojia unayemsifia? Muulize hiki ni kitu gani. Usiseme ni mie ninayeuliza. Sema mtu fulani.

Barua namwachia mama yako, kaka Rogers, kondakta wa basi la Tukuyu, atakuletea. Nasikia kandambili za baba, zinakuja huku. Naificha chini ya mkeka.

Najat

*

Tukuyu
Jumapili, 25 Februari 2024

Najat binti Nassibu, bubu wa Chang'ombe,

Nimecheka, siwezi kukudanganya. Mtu unawafundisha shomoro Kiingereza! Hao watamaliza kidato cha nne kabla yetu.

Barua yako imenifikia imefunguliwa. Matroni anafungua zote, anatafuta wavulana. Ameniita ofisini, uso umekunjamana: "Huyu Mzee Kipara ni nani yako?" Nikamwambia ni ndege, matroni. Akasema, "Ndege ana kipara?" Ikabidi nimsomee sentensi nzima kwa sauti. Sasa bweni zima linajua nina rafiki anayeongea na shomoro, samahani.

Huku mie niko fresh kabisa. Baridi inakata masikio, lakini nimezoea. Marafiki ninao hadi nawakimbia. Usiku ni kelele, vicheko, ukitaka kulala ujifanye umekufa.

Mwalimu Audax nimemuuliza, nikasema "mtu fulani" kama ulivyoniagiza. Anasema inaelekea ni ndui ya ndege. Mbu ndiye anayeisambaza, na wao kwa wao wakigusana. Haiwashiki watu, usiogope. Anasema ndege wengi wanapona wenyewe, vile vinundu vinakauka, vinadondoka, linabaki kovu. Akaniuliza, "Hao wa rafiki yako wanapona?" (Sikusema rafiki yangu! Amejua mwenyewe.) Akauliza tena, wanakula wapi, wanaoga wapi. Nikamwambia majivu. Akasema, "Majivu ya nini? Ya mkaa?" Nikasema nitauliza.

Ya nini, Najat?

Bupe wako

*

Chang'ombe
Jumapili, 10 Machi 2024

Bupe,

Mzee Kipara amekufa. Nilimkuta asubuhi chini ya mlonge, mwepesi kama ganda la karanga. Majike mawili nayo yamekufa. Hawaponi. Mwambie mwalimu hivyo. Vinundu havikauki, vinachimbika vinakuwa vidonda, halafu ndege anaanza kukaa amejitutumua kama mtu mwenye homa, hata paka akipita haruki.

Tumewazika mie na Talha. Talha alitaka tuwawekee na gari lake moja wachezee. Nikamwambia hawahitaji, akalia, nikaliweka, halafu alipogeuka nikalifukua nikamrudishia. Mwenyewe naye akiumwa haponi. Sikio linatoka usaha tena. Pale alipong'atwa na mbu mguuni, akajikuna, sasa ni donda. Mama anampaka dawa kila jioni.

Kuna jambo nataka ulijue kuhusu baba. Unamkumbuka asivyo mwongeaji. Nimemrithi. Mie na yeye tunaweza kukaa nyumba moja kutwa nzima, nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, basi. Lakini kila jioni akinawa mikono ananiuliza swali moja: "Wateja wako wamefika?" Anamaanisha shomoro. Nami namjibu, "Wamefika, baba." Hicho ndicho kikao chetu. Siku Kipara alipokufa aliniuliza vilevile, nikamjibu vilevile.

Kesho kutwa tunaanza kufunga. Ramadhani njema kwangu, na wewe kula ndizi zako kwa amani.

Majivu ni majivu tu.

Najat

*

Tukuyu
Jumapili, 24 Machi 2024

Najat,

Pole kwa Kipara. Matroni naye amesikitika, ujue. Ameniambia, "Mpe pole mwenzako, yule mzee wake." Hajaelewa mpaka leo kwamba ni ndege, au ameelewa ila anapenda.

Sasa tuache utani. Majivu si majivu tu. Mie nimekulia ng'ambo ya kichochoro chenu, nakumbuka ule moshi wa nyuma ya kwenu, ule unaoacha utamutamu kooni. Mama alikuwa anaanua nguo akiuona. Baba yako bado anayeyusha sahani za betri za magari atoe chubwi za kuzamishia nyavu? Zile takataka anazoengua juu ya karai anazitupa wapi?

Nilimuuliza Mwalimu Audax tu kwa ujumla: itakuwaje ndege akioga majivu ya risasi, haya madini yaliyomo kwenye betri. Aliweka chaki chini. Nakuandikia alivyonieleza, nimejaribu kukumbuka vizuri.

Anasema ndege akimeza punje ya risasi akidhani ni changarawe, firigisi inaisaga, inaingia kwenye damu. Mwili unaipokea kama mgeni anayefanana na ndugu, kwa sababu inaigiza ile chokaa ya mifupa. Unaihifadhi mifupani. Jike likitaka kutaga, mwili unachota chokaa mifupani litengeneze ganda la yai, na risasi inatoka nayo, inaanza upya kuzunguka. Ikiwa nyingi sana inaua moja kwa moja. Ikiwa kidogo kidogo, ndege anaruka, anakula, anagombana na wenzake, ukimtazama ni mzima. Ila ule ulinzi wa mwili, zile chembe nyeupe za damu tulizochora kidato cha pili, hazifanyi kazi yake sawasawa. Ikija ndui, ikija malaria ya ndege, wakija minyoo, hana wa kumpigania. Anakufa kwa ugonjwa ambao shomoro wa mtaa mwingine angeugua wiki mbili akapona.

Halafu akaniambia, na hili amenisisitiza nikuandikie: mtu hawezi kumtazama ndege kwa macho akasema hii ni risasi. Mpaka damu ipimwe. Lakini unaweza kuanza kwa kulinganisha. Nenda mahali pasipo na kiwanda wala karai, kaa utazame shomoro wa huko, halafu urudi utazame wa kwenu. Usitafute wagonjwa. Tafuta waliopona.

Sikumtaja baba yako. Naapa.

Bupe

*

Chang'ombe
Jumapili, 14 Aprili 2024

Bupe,

Eid Mubarak, japo imepita. Tulikwenda Kimara kwa mama mdogo Hamisa. Wenzangu walikuwa sebuleni na pilau na simu zao, mie nikatoka uani nikakaa kwenye ngazi. Mama mdogo akawa anasema, "Huyu mtoto mnamlea na nini, mbona haongei?" Mama akamjibu, "Anaongea, ila si na sisi." Alisema kwa kucheka, lakini sikujua kama anajua hadi pale.

Shomoro wa Kimara ni wengi, wanakaa kwenye dari la banda la kuku. Nilikaa mpaka wakanizoea. Nao wanaugua ndui, Bupe. Mvua zimekuwa nyingi, mbu wamejaa kila mahali. Mmoja alikuwa na kinundu kama cha Kipara, ila mguuni. Lakini wengine, nikiangalia vizuri, wana makovu. Mmoja amepoteza kucha, pamebaki kigutu kikavu, anaruka nacho anadonoa mchele wa watu. Mwingine pembeni ya jicho pana baka lisilo na manyoya, limefunga, jicho zima, linanitazama. Waliumwa wakapona.

Tuliporudi nilikaa kwenye ndoo yangu jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwetu hakuna hata mmoja mwenye kovu. Kuna wazima na kuna wenye vidonda, na wenye vidonda kesho huwaoni.

Halafu Talha akaja akanikalia mapajani, nikamshika mguu. Donda la mbu bado liko wazi. Nikamtazama miguu yote, mikono, magoti ya mtoto wa kiume anayeanguka kila siku. Bupe, hana kovu. Ana vidonda tu.

Sasa nakwambia ambalo sikulisema. Uliniuliza takataka za karai anazitupa wapi. Hazitupi. Mwaka jana aliona shomoro wanaoga kwenye zile chache zilizomwagika, akaona nimekaa nawatazama. Tangu siku hiyo, kila akimaliza kazi anazipepeta kwa koleo, anatoa mabonge, laini anaziacha, anakuja kuzimwaga pale konani na kuzisawazisha kwa mguu. Hajawahi kusema ni kwa ajili yangu. Anamwaga, ananawa, anauliza wateja wamefika.

Na mie asubuhi nikifagia uwanja, yaliyotawanyika nilikuwa nayarudisha palepale kwa ufagio ili wasikose. Talha huwa anachimba barabara za magari yake mumo humo.

Kwenye daftari langu la Kemia haya yote yameandikwa kwa Kiingereza, sumu na kila kitu, na mtihani nilifaulu. Nikifunga daftari nilikuwa nayafungia humo.

Nitamwambiaje? Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kunipa bila kuombwa.

Usimwambie mtu. Tafadhali.

Najat

*

Tukuyu
Jumapili, 21 Aprili 2024

Najat,

Nimemwambia Mwalimu Audax. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Nilimwonyesha barua, ile sehemu ya makovu. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Alisema wewe una jicho la mtafiti. Halafu akauliza huyo mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia minne. Alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Anasema watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, kwa sababu wanacheza chini na kutia mikono mdomoni, na kwao haiishii kwenye kinga ya mwili, inagusa ubongo. Talha apelekwe hospitali, daktari aelezwe ni kazi gani inafanyika nyumbani, damu ipimwe. Uwanja usifagiwe mkavu, umwagiwe maji kwanza. Nguo za kazi za baba zisifuliwe na zenu.

Ana rafiki yake aliyesoma naye, yuko ofisi za mazingira huko Dar. Anataka kumwandikia waje watazame.

Nafanya hivi kwa sababu nakupenda wewe na huyo kijana wa magari.

Bupe

*

Chang'ombe
Jumapili, 28 Aprili 2024

Bupe,

Nilisema usimwambie mtu.

Wakija watu wa ofisi watamkuta baba na karai, watamchukua mbele ya kichochoro kizima, na atajua ni nani alisema, kwa sababu hakuna mwingine anayekaa pale kutazama. Kila gari likisimama nje nadhani ni wao.

Usiniandikie.

N.

*

Tukuyu
Jumapili, 5 Mei 2024

Najat,

Nimekusikia, ila naandika. Mwalimu hajaandika popote. Nilimwomba kwa magoti, kweli kweli, sakafu ya maabara, wanafunzi wa kidato cha kwanza wakiniona. Amesema atasubiri. Amesema ni bora baba aambiwe na mtoto wake kuliko na mgeni mwenye kitambulisho shingoni. Ila hatasubiri milele, kwa sababu Talha naye hawezi kusubiri milele.

Nijibu hata neno moja. Hata tusi.

Bupe

*

Tukuyu
Jumapili, 19 Mei 2024

Najat,

Rogers kila Jumamosi namuuliza, ananiambia hakuna kitu. Mama naye anasema kwenu mlango umefungwa mchana kutwa, wala moshi hauonekani. Kuna nini?

Basi nikwambie kitu, labda ukijua utanisamehe. Sina rafiki hapa. Hata mmoja. Zile kelele za bwenini ni kweli, ila mie nazisikia nikiwa nimejifunika blanketi. Wananiita Mdar, wananiigiza ninavyoongea. Wakati wa mapumziko naenda maabara, namsaidia Mwalimu Audax kuosha vioo. Ndiye mtu pekee ninayeongea naye. Barua yako ilipokuja nilikuwa nimeibeba siku nzima mfukoni, nzito, na aliponiuliza "Bupe, una nini leo?" ilitoka yenyewe. Sikuisaliti siri yako kwa sababu sikuijali. Nilielemewa nayo, na pembeni yangu hakukuwa na hata shomoro.

Tangu uniambie habari za shomoro, nami natazama ndege. Huku wanaokaa karibu ni videnenda, vile vindege vidogo vya kwenye nyasi. Nimeanza kumsalimia mmoja. Matroni ameniona, ameendelea na safari yake.

Bupe

*

Chang'ombe
Jumapili, 26 Mei 2024

Bupe mwenzangu,

Nimesoma barua zako zote mbili leo, mama yako alikuwa amezishikilia. Hatukuwepo nyumbani. Talha alilazwa. Mapafu. Ilianza mafua, ikashuka kifuani, usiku mmoja akawa anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Mama alilala naye wodini, mie na baba tulikuwa tunapeleka uji na kukaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, tunafanana hadi aibu.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu. Alitazama masikio, akatazama lile donda mguuni, akatazama kadi yake ya kliniki ilivyojaa. Akamgeukia baba. "Mzee, hapo nyumbani mnafanya shughuli gani?"

Baba akasema, "Biashara ndogondogo."

Daktari akaandika. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, naona shati lake mgongoni. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, kwa lugha zote mbili. Daktari akainua macho akanitazama, nadhani niliinama. Akaendelea na mgonjwa mwingine.

Wamempa dawa, juzi ameruhusiwa. Amekonda, lakini ameuliza gari lake la bluu, kwa hiyo ni yeye. Wewe hukunikosea, Bupe. Ulisema mahali ambapo mie nilinyamaza. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa umefanya kazi yangu.

Jana baba amewasha karai tena. Moshi ulipokata akaja na koleo. Shomoro walikuwa wamepungua, wamebaki wachache, akawatazama, akanitazama na mimi kwa ile huruma yake isiyo na mdomo, akamwaga lundo kubwa kuliko siku zote. Akalisawazisha taratibu. Akasema, "Watarudi tu." Hayo ni maneno mengi kwake. Alidhani ananifariji.

Nikamvuta Talha ndani, nikafunga mlango, nikamkatalia kutoka. Analia anaona nimekuwa mbaya. Siwezi kumfungia maisha yake yote.

Kwa mdomo sitaweza, najijua. Nitamwandikia kama ninavyokuandikia wewe. Yake inafuata hii hii, kalamu haijapoa. Hii ya kwako nikishaikunja, mama yako ataipitia. Mwambie Mwalimu Audax asubiri mpaka Jumapili ijayo tu. Na yule kidenenda msalimie, mwambie kwa Kinyakyusa, atakuelewa.

Najat

*

Nyumbani
Jumapili, 26 Mei 2024, jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Nipo chumbani na wewe upo nyuma ya nyumba, nasikia unavyogonga chubwi kuzitoa kwenye kalibu zake. Nakuandikia kama mtu aliye mbali kwa sababu nikikutazama usoni maneno yanarudi.

Uliniuliza kila jioni kama wateja wangu wamefika, nami nikasema wamefika. Sikukwambia kwamba wanakufa. Wanashikwa na ndui kama shomoro wa Kimara, lakini wa Kimara wanapona, wanabaki na makovu. Wetu hawapati kovu. Nimejifunza kwamba risasi, hiyo unayoyeyusha, ikiingia mwilini kidogo kidogo inaweza kumnyang'anya ndege nguvu ya kupigana na ugonjwa. Yale majivu wanayaoga na punje zake wanazimeza. Sina hakika ni hilo, mpaka damu ipimwe. Lakini naogopa.

Baba, tazama mikono yako. Una alama za karai tangu kiganjani hadi kwenye kiwiko, kila moja imefunga. Halafu mtazame Talha miguuni. Hana kovu hata moja.

Nakuomba turudi naye kwa yule daktari, safari hii tumwambie kazi yenyewe. Si kazi mbaya, umetulisha kwayo tangu kiwanda kiwapunguze, sisemi kwamba ulijua. Nami sikujua. Nilikuwa nayarudisha kwa ufagio. Nakuomba leo tuyamwagie maji yasipeperuke, na karai lisiwake hapa mpaka tujue. Wewe ukiogopa kumwambia daktari, nitasema mimi. Nimeshafanya mazoezi.

Najua ulikuwa unayamwaga kwa ajili yangu. Ulikuwa unatoa mabonge ili yasiwaumize. Nilikuwa nakuona. Hakuna siku nilikaa pale kwenye ndoo nikajiona niko peke yangu kabisa, kwa sababu majivu yalikuwa ya moto bado na yalikuwa yametoka kwako. Nilitakiwa kukwambia hilo kwanza, kabla ya yote.

Kugonga kumekoma. Unanawa. Sasa kandambili, ule mguu wa kushoto unaouburuza kidogo. Umepita jikoni. Umemsemesha Talha, amekushtakia kwamba nimemfungia ndani.

Karatasi nyingine zote nimeziweka chini ya mkeka nikisikia hatua hizi. Mkono umeshakwenda wenyewe, ona, umekunja kona. Nimeurudisha. Nainyoosha hapa mapajani, maandishi yanakutazama wewe. Umefika mlangoni, unauliza kama wateja wamef